Siku Walipobandua Jina Kwenye Helmeti Yangu

Saa mbili kasoro robo asubuhi, siku ya mashindano, mwanaume wa makamo aligonga mlango wa chumba chetu cha kubadilishia nguo akiwa na vitu viwili mkononi.

Kikwangulio cha plastiki, na mashine ya kukaushia nywele.

"Samahani, dada Afra," akasema. "Nimetumwa kuchukua jina."

Nilimfahamu. Bwana Gschwend, dereva wa kiwanda cha jibini cha Buchegger. Miaka mitano mfululizo ndiye aliyekuwa anatuletea gurudumu la jibini nyumbani kila Krismasi.

Nikampa helmeti.

Akachomeka mashine ukutani, akaipasha moto stika nyekundu yenye jina la Buchegger mpaka gundi ikalainika, kisha akaanza kubandua taratibu kuanzia pembeni. Wenzangu watatu walikuwa wanafunga viatu. Ghafla kila mmoja akaona kamba zake zina kazi nyingi sana.

Alipomaliza akaikunja ile stika. Akatazama huku na huku asijue aitupe wapi, mwisho akaitia mfukoni mwa koti.

"Mimi ni dereva tu," akasema.

Nikamwambia najua. Na kweli nilijua, sikuwa na neno na yeye.

Kama hujui mchezo wa kuruka na ski, ngoja nikupe jambo moja tu. Kwetu, paji la uso ndilo shamba. Ukikaa juu kule kwenye boriti ya kuanzia unasubiri taa ya kijani, kamera inakutazama usoni, na anayekulipia safari, nguo na kocha, jina lake linakaa pale. Mrukaji mwenye helmeti tupu kila mtu anamjua. Ni mtu asiye na mtu.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Goti langu lilishapasuliwa mara mbili. Kikosi cha jeshi kilichokuwa kinanilipa mshahara kama mwanamichezo kilishaniaga kwa maua na kupeana mikono. Aliyebaki alikuwa Buchegger peke yake. Siku ile ndiyo walikuwa wanachagua msichana wa mwisho wa kuingia timu ya majira yale ya baridi.

Na wamenibandua jina saa moja na nusu kabla ya kuruka.

Sasa turudi nyuma, maana hapa naona mtu ameshaanza kumtukana Buchegger. Subiri.

Mama yangu anaitwa Mechthild. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa katibu muhtasi wa mzee Buchegger mwenyewe. Barua yoyote iliyotoka kiwanda kile, kuanzia ya benki hadi ya kumpongeza mjumbe aliyepata mtoto, ilipigwa na vidole vya mama.

Baba alipofariki, mama akakosa usingizi. Miezi minne mtu halali. Shoga yake mmoja akampeleka kwenye kozi ya jioni ya kundi linaloitwa Hatua Tisa. Wanakufundisha kupumua, wanakufundisha kusahau maumivu, na kila ukimaliza hatua moja, hatua inayofuata ina bei yake.

Mama akalala. Tusidanganyane, alilala kweli, na mimi nilifurahi.

Alipofika hatua ya tatu akaanza kuwagawia vijana wa ofisini vitabu vya kundi. Hatua ya nne akauza nyumba yetu. Buchegger akamwita, akamsihi, na nasikia alifika hadi kulia mbele yake. Mwisho akamwachisha kazi. Mama akahamia Munich, kwenye nyumba ya kundi, nyuma ya kituo cha tramu, na hajarudi tena.

Baada ya pale ndipo Buchegger alipotunga ile fomu.

Fomu yenyewe ni ukurasa mmoja. Yeyote anayefanya kazi kwake au anayebeba jina lake anatamka kwamba si mwanachama wa Hatua Tisa, hafuati mafundisho yao na hawasaidii kwa namna yoyote. Kila mwezi Mei niliisaini pamoja na karatasi ya saizi ya nguo na ya kipimo cha kichwa. Nilikuwa nasaini hata sikai kitini.

Tatizo likawa kumuona mama.

Hatua Tisa hawaruhusu mtu wa nje kupita ukumbi wa mapokezi. Ukitaka kukaa meza moja na ndugu yako, Jumapili moja ukiacha moja, dakika arobaini, lazima ujiandikishe kama "rafiki wa nyumba". Unajaza kadi, unalipa ada kidogo ya mwaka, basi.

Na hapa ndipo ujinga wangu ulipo, ujinga wa kwetu hasa.

Sisi huku tunajiunga na vyama kama vile watu wengine wanavyonunua mkate. Mimi peke yangu nilikuwa kwenye chama cha ski, cha zimamoto wa kijiji, cha wapiga tarumbeta ingawa sijui kupuliza hata filimbi, na cha wafuga sungura kwa sababu ya babu. Unakuwa mwanachama wa kulipa ada na kukaa kimya. Hakuna anayekuuliza kama unampenda sungura.

Kwa hiyo ile kadi niliisaini bila hata kupepesa jicho. Nikajiambia, kama chama cha sungura hakijanifanya sungura, hiki nacho hakitanifanya kitu. Mwezi Mei ulipofika nikasaini ya Buchegger. Miaka mitatu nikala huku na huku.

Najua. Usinitazame hivyo.

Mwezi Novemba kimenuka.

Hatua Tisa wana jarida lao. Toleo la majira ya baridi likatoka na picha ya ukurasa mzima: mimi, mama, na birika la chai katikati. Chini yake wameandika, "Rafiki yetu Afra, anayeruka mbali kwa sababu amejifunza kuachilia."

Sikuwa nimeachilia kitu. Nilikuwa nakunywa chai.

Jarida likafika kwenye meza ya Buchegger kabla halijafika kwangu.

Aliniita Alhamisi. Nikamkuta amesimama dirishani, jarida limefunguliwa mezani. Hakupandisha sauti. Afadhali angenifokea.

"Binti, huyu ni wewe?"

"Ni mimi, mzee."

"Na kadi yao unayo?"

"Ninayo. Bila kadi simuoni mama."

Akakaa. Akakaa kama mtu aliyechoka tangu mwaka juzi.

"Nilikuwa na katibu muhtasi ambaye hakuna mfano wake mkoa mzima wa Allgäu," akasema. "Wakaja wakanichukulia. Wakataka na vijana wangu wa ofisini. Sasa jina la baba yangu linakaa juu ya kichwa kinachowapigia debe."

Nikamwambia siwapigii debe, namtembelea mama yangu. Nikamwambia hata siyajui hayo mafundisho yao. Nikamwambia mengi, mengine nililia katikati sikuyamaliza.

Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaweka sharti lake.

"Jitoe. Sihitaji hata uwe umeshatoka, najua taratibu za vyama ni ndefu. Niletee risiti ya posta tu, kwamba barua ya kujitoa imetumwa. Nakupa mpaka Ijumaa ijayo."

Risiti ya posta. Kikaratasi kidogo kama cha kununulia stempu.

Ila kule Hatua Tisa anayejitoa ana jina lake. Wanamwita "aliyeanguka ngazi". Na aliye ndani haruhusiwi kuongea na aliyeanguka ngazi, awe mume, awe mtoto. Haya nilielezwa na dada mmoja wa mapokezi, Ottilie, siku ya kwanza kabisa, huku ananimiminia chai na tabasamu limemjaa usoni.

Kwa hiyo nilikuwa naambiwa nichague. Kuruka au mama.

Nilimpigia binamu yangu Severin, ni mwanasheria, nikamuuliza kama Buchegger ana haki ya kunifanyia vile. Nilitaka aniambie hana. Akaniambia kwamba ingekuwa manispaa inanipa pesa ya umma, angeweza kupigana, maana serikali haina ruhusa ya kuchungulia moyoni mwa mtu kabla ya kumpa haki yake. "Lakini huyu anatoa mfukoni mwake kwa hiari yake, Afra. Udhamini si haki. Anaweza kuamua tu kwamba hakutaki."

Kocha wangu, Ignaz Fellner, naye nikamwambia. Huyu ndiye aliyenifundisha kuruka nikiwa na miaka saba. Akakuna kidevu.

"Andika hiyo barua," akasema. "Mama yako alishaondoka. Wewe bado upo."

Siku mbili sikumsemesha.

Jumapili nikapanda treni kwenda Munich. Saa mbili na nusu njiani, na njia nzima natunga sentensi za kumwambia mama bila Ottilie kuelewa. Maana pale mezani hamkai wawili. Mtu wa tatu lazima awepo, anafuma soksi, anajifanya hasikii.

Mama alikuwa amekonda. Mikono ilikuwa ile ile, imetulia juu ya meza, vidole vimepinda kidogo kama vinasubiri mashine.

Nikamwambia kwamba kuna karatasi mtu fulani anataka niiandike, na kwamba sitaiandika, liwalo na liwe.

Ottilie akaacha kufuma.

Mama akanitazama. Akatoa tabasamu dogo, lile la zamani la ofisini.

"Karatasi si kazi ya mrukaji," akasema. "Karatasi ni kazi ya katibu muhtasi. Wewe ruka, mwanangu. Karatasi nimeshazimaliza mimi."

Ottilie akacheka, akaniambia nimwone mama yangu bado anajiona yuko kazini. Mimi nikaona mama ameanza kuchanganyikiwa. Nikamshika mkono, nikamwambia sawa, mama. Kwenye treni nililia mpaka bibi mmoja wa kiti cha mbele akanipa leso yake na kuniambia niondoke nayo.

Ijumaa niliandika barua. Kweli niliandika. Mistari minne, jina, tarehe, bahasha. Nikaenda posta, nikapanga foleni nyuma ya mtu aliyekuwa anatuma matairi mawili.

Zamu yangu ikafika. Karani akanyoosha mkono.

Nikaona ile meza, birika, vidole vya mama. Nikaona Jumapili zote zilizobaki za maisha yangu, hazina mahali pa kwenda.

"Samahani," nikamwambia karani, nikatoka.

Nikampigia Buchegger nikiwa pale pale nje kwenye theluji. Nikamwambia sina risiti na sitakuwa nayo.

"Basi, binti," akasema, akakata simu.

Kesho yake ndipo Gschwend alipokuja na mashine yake ya nywele.

Nilipanda juu na helmeti tupu. Pale stika ilipokuwa palibaki alama ya gundi, mstatili wa kunata uliokuwa unadaka chembe za theluji. Kocha Fellner akashusha bendera, ishara kwamba niende. Nikaachia boriti.

Sijui niseme nini kuhusu mruko ule. Miguu ilikuwa yangu, upepo ulikuwa mzuri, na kichwa hakikuwepo. Nikashuka mapema kama gunia.

Nafasi ya thelathini na moja. Wanaoendelea raundi ya pili ni thelathini.

Ile nafasi ya timu akaichukua msichana wa miaka kumi na saba, na aliistahili. Mimi nikarudi nyumbani, nikaziweka ski darini. Krismasi ile hakuna aliyeleta jibini.

Lakini nilikuwa na mama. Kila nilipoamka na ule uzito kifuani nilijiambia hivyo. Nimepoteza yote, ila Jumapili zangu zipo.

Jumapili ya kwanza ya Januari nikaoka mkate wa mapeasi makavu, ule anaoupenda, nikaufunga kwa kitambaa, nikapanda treni.

Ottilie alikuwa mlangoni. Hakusogea.

"Kadi yako iliisha tarehe thelathini na moja Desemba," akasema.

Nikamwambia nitalipia ya mwaka mpya sasa hivi, anipe fomu. Akatikisa kichwa.

"Ulijitoa, Afra. Mwenyewe. Kwa barua ya rejista."

Nikamwambia amenichanganya na mtu mwingine. Akaingia ndani, akarudi na karatasi, akanipa. Akasema ni nakala, naweza kuondoka nayo.

Ilikuwa barua iliyopigwa vizuri mno. Kando zote sawa, tarehe kulia, kichwa cha habari kimekozwa. Tarehe ishirini na saba Septemba. Mimi, Afra Kienberger, najitoa uanachama kuanzia mwisho wa mwaka, kwa mujibu wa kanuni inayotaka taarifa itolewe kabla ya tarehe thelathini Septemba. Chini yake sahihi yangu, ile yenye mkia kwenye herufi ya mwisho.

Sikuiandika mimi.

Ndipo jicho likashuka kwenye kona ya chini kushoto. Herufi nne ndogo, ndogo sana.

ak/mk.

Kama umewahi kufanya kazi ofisi za kwetu unajua. Barua inabeba herufi za mwenye barua, kisha mstari, kisha herufi za aliyeipiga. Afra Kienberger. Mechthild Kienberger. Alighushi sahihi yangu asikosee hata mkia, lakini miaka kumi na tisa ya kazi ikamshinda, vidole vikaandika vyenyewe.

Nikakaa kwenye ngazi ya mlango wao.

Mama alijua. Tangu Septemba alisikia humo ndani kwamba wanataka kunitia kwenye jarida, na alijua fomu ya Buchegger itanikamata, kwa sababu fomu ile ilitungwa kwa ajili yake. Hakuweza kuniambia, mtu wa tatu yupo mezani. Basi akafanya alichokijua. Akaandika barua, akaiwahisha siku tatu kabla ya mwisho, akanipa uhuru wangu. Na alijua fika kwamba Januari ikifika hataniona tena.

Wao wakapokea barua, wakanyamaza, wakanitumia mpaka siku ya mwisho ya kadi.

Na risiti ya posta aliyoitaka Buchegger ilishakuwepo wiki saba kabla hajaiomba.

Mama alinitoa yeye mwenyewe ili niruke. Mimi nikakataa kuruka ili nisimpoteze. Tukapoteza vyote viwili.

"Nimwone dakika moja," nikamwambia Ottilie.

"Haongei na walioanguka ngazi."

"Basi mpe mkate."

"Hatupokei."

Nikauacha pale kwenye ngazi. Sijui nani aliula.

Kesho yake nikaenda kwa Buchegger. Sikwenda kuomba, nafasi ilishachukuliwa. Nilikwenda kwa sababu hapakuwa na mtu mwingine duniani ambaye angeelewa ile kona.

Nikaweka barua mezani. Akavaa miwani. Hakusoma tarehe wala jina. Macho yalikwenda moja kwa moja chini kushoto.

"Mechthild," akasema.

Tukakaa. Baada ya muda akavua miwani, akafuta, akavaa, akavua tena.

"Nilipaswa kukuuliza mara mbili," akasema.

"Mimi nilipaswa kusema kweli mara ya kwanza, mzee."

Akaniambia kama goti litakubali, mwakani jina litarudi. Kisha akafungua droo, akatoa fomu ya mwaka mpya, na mkono ukamsimama hewani. Nadhani aliona aibu.

Nikaichukua. Safari hii niliketi, nikaisoma yote. Mimi si mwanachama. Siwasaidii. Sina uhusiano nao wowote.

Miaka mitatu niliisaini ikiwa uongo na haikuniuma hata kidogo. Siku ile ilikuwa kweli neno kwa neno, na sahihi yangu ikatoka bila mkia.

Ndugu zangu mnaosoma, sisemi Buchegger alikosea. Pesa ni yake, jina ni la baba yake, na kidonda alikuwa nacho. Mwenye kutoa ana haki ya kuchagua anayempa. Ninachosema ni hiki: fomu ilimuuliza Afra yuko kundi gani, haikumuuliza amemwacha nani humo ndani. Na wewe unayesaini na hata kiti hukikalii, soma kwanza. Halafu mwambie mtu ukweli mapema, hata kama ukweli wenyewe unakuaibisha, kwa sababu huenda kuna mtu ameshakutengenezea njia na hana namna ya kukwambia.

Msimu huu nimerudi. Gschwend ndiye aliyekuja kubandika stika mpya. Nikaambiwa na wenzangu kwamba ile ya zamani bado anayo mfukoni mwa koti.

Sijui kama kule ndani wanaruhusiwa kutazama televisheni. Kila nikikaa kwenye boriti nainua kichwa kidogo kuielekea kamera, muda mrefu kuliko inavyotakiwa, na kocha Fellner ananigombeza kila mara.

Halafu naruka. Karatasi alishazimaliza mama.